Ngazi kuukuu za nyumbani: ipi ununue, na kwa nini uanze na miguu

Malalamiko ya wasomaji walionunua ngazi kuukuu yanafanana mno. Ngazi kwenye picha ilipendeza, ikafika, ikaegemezwa ukutani, ikaanza kuyumba. Kitabu kikiwekwa juu ya kipandio kinateleza. Wengi wanamlaumu fundi wa sakafu, naye maskini hana kosa. Ngazi imekatwa miguu.

Urefu, rangi na kama itapatana na makochi yako sitagusa, macho unayo. Miguu ndiyo haitazamwi na mtu. Ngazi ya mbao huanza kuoza chini, kwa sababu ncha za miti yake hunyonya unyevu kama utambi. Muuzaji akiona zimelainika, anashika msumeno, anafyeka, anapaka vanishi palipokatwa, halafu anatangaza "hali nzuri kwa umri wake". Miguu ya ngazi ya kuegemeza hukatwa mshazari ili unyayo wote ukanyage sakafu. Akiikata mraba, ngazi inasimama kwa ukingo tu na inateleza. Akipunguza mguu mmoja kuliko mwenzake, hata kwa unene wa sarafu, vipandio vyote vinainama upande.

Chukua futi. Pima kutoka sakafuni hadi kipandio cha kwanza, kisha pima nafasi kati ya vipandio vingine. Kama vyote vimeachana sentimita 30 na cha kwanza kiko sentimita 17 kutoka chini, jibu umelipata. Kisha ilaze, utazame nyayo. Mguu uliotumika miaka mingi una kingo za mviringo, nyuzi za mbao zimelala, na chembe za mchanga zimejikita ndani. Uliokatwa juzi una kingo kali na nyuzi safi, hata ukipakwa nini.

Ya kwanza kwangu ni ngazi ya maktaba inayotembea kwenye reli, na sifichi: napenda za Putnam, kampuni ya New York iliyoanza mwaka 1905. Zao za mwaloni unazipanda bila kushika pumzi. Ngazi kama hii ilitengenezwa ipandwe kutwa dukani au maktabani, kwa hiyo inafaa kazi na inapamba hata ikisimama tu. Chunguza magurudumu ya chini na kulabu za juu. Reli isipokuwepo, hakikisha utapata inayoingiliana na kulabu hizo kabla ya kulipa, la sivyo umenunua nusu ya kitu. Kuna pia viti vya maktaba vinavyopinduliwa vikawa ngazi, kama vile vya Morgan & Sanders wa London mwanzoni mwa karne ya 19. Vizuri sana, ila hivyo ni vya wenye nazo.

Ya pili ni ngazi ya kukunja ya wapaka rangi. Ukiifungua unapata rafu ya maua au meza ya pembeni. Tazama bawaba, kamba, na vyuma vyembamba vinavyopita chini ya vipandio kushika miti ya pembeni; vikiwa vimetolewa, matundu yake yatabaki. Hapa ukataji una ubaya wake: miguu ya mbele ikipunguzwa peke yake, vipandio vinainamia mbele na vyungu vinafuata. Ikiwa imepakwa rangi nzito, usiipande kabisa. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinakataza kufunika ngazi za mbao kwa rangi isiyopenya macho, kwani ufa hujificha chini yake. Na rangi ya zamani usiipige msasa ovyo: huenda ina risasi, yaani madini ya sumu, na rangi za nyumba zenye madini hayo zilipigwa marufuku Marekani mwaka 1978 tu.

Ya tatu ni ya kuchumia matunda, pana chini na nyembamba juu. Kwa blanketi na shali haina mpinzani. Kupanda, hapana.

Ya Wadogon wa Mali haimo kwenye mashindano, maana ni sanaa: gogo moja lenye panda juu, limechongwa vidato, watu wakipandia maghala na mapaa. Kwake sheria yangu ya miguu inageuka. Mguu uliolika ndio cheti chake, na vidato viwe vimechakaa katikati, pale unyayo unapotua. Ikiwa imepakwa matope mwili mzima lakini kingo za vidato bado ni kali, imechongwa kwa ajili yako. Ifunge ukutani, isije ikamwangukia mtoto.

Mpya zilizochakazwa makusudi? Tundika taulo, basi.

Na hawa wauzaji! Kwa desturi ya biashara hii kitu huitwa cha kale kikifikisha miaka 100, lakini siku hizi vumbi la stoo linatosha. Wengine wanachukua ngazi moja ndefu, wanaikata kati, wanauza kila kipande kwa bei ya ngazi nzima, na kile cha juu ndicho chenye miguu mipya kabisa. Ukiuliza unaambiwa "imepunguzwa ili ikae vizuri ndani". Basi na bei ipunguzwe! Omba picha ya nyayo kwa karibu, mwangaza wa mchana, pamoja na futi. Akikutumia tena ile picha ya ngazi yenye kikapu cha maua, tafuta muuzaji mwingine.