Skana ndogo inayomfichua muuzaji aliyefuta taa ya injini

Karibuni tena jamani, na mgeni wa leo karibu sana. Leo sina gari la kuchambua, nina hiki kidude hapa, kinajaa kiganjani. Ni skana ya Bluetooth ya OBD2, yaani mfumo wa gari wa kujikagua hitilafu. Unaichomeka chini ya usukani, kwenye ile soketi ya matundu 16, inaongea na simu yako. Inasoma hitilafu, joto la injini, volti za betri, hayo mnayajua, nayaruka. Nina hamu na ukurasa mmoja tu, ambao mimi mwenyewe niliupita miezi kibao bila kuufungua, na ukanigharimu.

Sogeeni karibu na skrini. Swichi iko oni, injini sijaiwasha. Huu ni ukurasa wa ukaguzi. Kompyuta ya gari hujipima yenyewe ukiwa unaendesha: masega (yale ya kwenye ekzosi yanayosafisha moshi), sensa za oksijeni, mfumo wa mvuke wa mafuta. Kila kipimo kikikamilika kinapata tiki. Gari langu hili, ona, tiki zote zipo. Chini pale inaandika umbali tangu hitilafu zifutwe: kilomita 2,310.

Sasa nabonyeza futa. Haya... tazameni! Masega, tiki imetoka. Oksijeni imetoka. Mvuke wa mafuta, imetoka. Na umbali? Sifuri! Kipimo cha misi, yaani injini kukosa kuchoma mafuta vizuri, bado kina tiki kwa sababu hicho hupimwa muda wote injini inapofanya kazi, kwa hiyo kisikudanganye. Ila dashibodi iko vile vile, safi, haina taa hata moja. Mnunuzi akija saa hii ataona gari zima kabisa.

Ndivyo nilivyopigwa mimi. Skana nilikuwa nayo siku ile! Nikasoma hitilafu, hakuna, nikalipa. Siku ya nne taa ya injini ikawaka, P0420, yaani msimbo wa masega kutosafisha moshi inavyotakiwa. Fundi akakagua, hakuna mahali moshi unavuja, sensa nzima, masega ndiyo yamekufa. Bado inaniuma, maana jibu lilikuwa ukurasa wa pili tu.

Sasa tuwe waungwana. Betri ikichomolewa, tiki nazo hutoka, kwa hiyo usimvamie muuzaji ukamwita mwizi. Muulize betri imebadilishwa lini, kisha mwambie aliendeshe siku chache urudi upime tena. Akikukazania ulipe leo leo, ondoka. Na magari mengi ya karibuni, hasa yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia 2010, yana hitilafu za kudumu ambazo skana haiwezi kuzifuta. Zinaondoka gari likishajipima lenyewe na kukuta limepona.

Kasoro zipo. Kidude hiki kinakata Bluetooth katikati ya kazi, kimenikatia mara mbili nikirekodi video hii. Breki za ABS hakisomi, mifuko ya hewa hakisomi. Skana kubwa za gereji zinasoma, na mwanzoni nilitaka kuwaambia mkanunue hizo. Lakini kwa mtu anayenunua gari moja kila baada ya miaka kadhaa? Hapana, hiki kinatosha, bei yake haifiki hata robo ya masega mapya. Ukiona kimeandikwa ELM327 v1.5 (ELM327 ni chipu ya ndani ya skana hizi) jua ni kopi, maana Elm Electronics, waliobuni chipu hiyo, hawakuwahi kutoa toleo hilo. Kopi nyingine zinafanya kazi vizuri tu, nyingine hata ukurasa huu hazifungui, kwa hiyo kijaribu kwenye gari lako kwanza kabla hujaenda nacho kwa muuzaji.

Mlioomba video ya kupima rangi ya bodi iliyopigwa puti, kipimo nimeshakipata, ni wiki ijayo, bonyezeni kengele.

Sasa naliwasha gari, injini bado ya baridi, simu naiacha hapa kwenye dashibodi. Andikeni chini mnadhani tiki ipi itarudi ya kwanza. Mimi nasema oksijeni. Twende barabarani.