Tulionja Armagnac kwa wakulima wadogo, enda ukiweza

Nimerudi mwezi uliopita toka Ufaransa, nilikuwa Toulouse kwa mafunzo ya kazi, na wikendi moja mimi na mwenzangu wa Mbarara tukakodi gari tukaenda mashambani kule Gascogne kuonja brandi yao inaitwa Armagnac. Kampala watu wakisikia brandi ya Ufaransa wanajua Cognac tu, zile chupa za klabu, lakini kama uko na siku moja ya kutembea mimi nasema ipeleke Armagnac, tena kwa mkulima mdogo, tena mwezi wa kumi na moja hivi ndo wako wanapika.

Sisi tulienda upande wa Bas-Armagnac, nje kidogo ya mji wa Eauze. Shamba la kwanza ni la mzee mmoja na binti yake. Hakuna geti, hakuna risepsheni, mbwa anakuja kukunusa alafu mzee anatoka mikono imejaa masizi. Binti alikuwa anatutafsiria, Kiingereza chake kidogo lakini kinatosha, na mzee mwenyewe akituonyesha kila kitu kwa vidole.

Mtambo wao ni wa shaba, mrefu kunipita, umekaa juu ya trela. Si wao hata, unatembea shamba hadi shamba msimu wote na wakulima wanangoja zamu yao vile sisi tunangoja mashine ya kupukuchua mahindi. Moto ni wa kuni, usiku na mchana mtu anakaa macho.

Sasa mimi nimekulia Bwera, kwetu Uganda, kwa shangazi yangu, na shangazi alikuwa anapika waragi, pombe kali ya kienyeji. Pipa la mafuta, paipu ya shaba inapita kwenye maji, na kazi yetu watoto ni kuchota maji baridi mtoni toka asubuhi mpaka jioni, kwa sababu maji yakipata moto mvuke haugeuki tena, unapotea hewani. Pale Gascogne nikatafuta maji yako wapi, sikuyaona. Nikauliza. Mzee akacheka akanishika mkono akauweka kwenye ule mtungi wa shaba, chini baridi, juu moto. Kumbe waini yenyewe ndo inapoza paipu! Inaingia baridi kwa chini, inapanda ikizunguka ile paipu ya mvuke, inaupoza mvuke huku yenyewe inapata joto, ikifika juu imeshapashwa tayari inamwagika kwenye mnara, inashuka sahani kwa sahani kukutana na mvuke unaopanda. Kitu kimoja kazi mbili, na kuni zinapungua. Nilisimama pale karibu nusu saa, nikafikiria jerikeni zote nilizobeba kichwani.

Waini yenyewe wanayopika ni nyeupe, nyepesi, kali kama limau, huwezi kuinywa ukafurahi, na ndo wanaitaka hivo. Armagnac kwa kawaida inapikwa mara moja tu, mara nyingi inatoka na kileo kati ya asilimia 52 na 60, wakati Cognac wanapika mara mbili. Kwa hiyo Armagnac inabaki na mambo mengi ya shamba ndani yake, ikiwa changa inakuwa kali, inataka kungoja.

Na wanangoja banange. Ghala lao halina taa kubwa, kuta nyeusi tititi kwa kuvu inayoishi kwa ule mvuke unaotoka kwenye mapipa ya mwaloni. Kinachopotea kila mwaka wanakiita sehemu ya malaika. Zile herufi kwenye chupa ni za umri: VS ni mwaka mmoja kwenye pipa angalau, VSOP miaka 4, XO miaka 10. Pombe ikifika pale wanapotaka wanaitoa kwenye pipa wanaiweka kwenye machupa makubwa ya kioo, na humo haizeeki tena. Kwa hiyo ukiona chupa imeandikwa 1985 usikimbilie kulipa, uliza kwanza ilitoka kwenye pipa mwaka gani, hapo ndo utajua umri wake wa kweli.

Tulionja sita, bure, mezani jikoni kwao. Binti alinifundisha kutia tone moja kiganjani, nisugue, ninuse: kwanza spiriti, alafu ikikauka ikaja harufu kama ya ndizi iliyochomwa na tumbaku. Nilinunua ya miaka 12 kwa yuro 45, karibu laki mbili zetu, na kwa adabu usiondoke mikono mitupu baada ya kunyweshwa hivo. Kuna ndoo ya kutemea. Mimi ilinisumbua, kwetu kutema kitu amekupa mzee ni matusi, lakini kule hawaoni vibaya, na anayeendesha lazima ateme maana polisi wao kipimo ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na unaendesha upande wa kulia wa barabara.

Pa pili sitapataja jina. Pakubwa, paking nzuri, tulilipa yuro 15 kila mtu, tukaonyeshwa video, tukapita mbio dakika ishirini, vikombe viwili vidogo alafu dukani. Aliyetupitisha hajawahi kupika, nilimuuliza kuhusu moto akasema tusome kwenye brosha. Sirudi.

Piga simu siku mbili kabla. Saa sita mchana mpaka saa nane wamefunga wanakula, sisi tulikaa kwenye gari njaa inatuuma, na Jumapili wengi hawapokei. Ukipanda ndege kurudi, chupa weka kwenye ule mzigo unaoukabidhi kaunta, si wa mkononi, lita 5 kwa mtu mwisho.

Kitu kilichoniuma ni hiki. Wale serikali yao iliwapa jina lao mwaka 1936, kwao hakuna mwingine anaruhusiwa kuita pombe yake Armagnac, na kwenye chupa kuna jina la shamba. Sisi 1965 ikaja sheria ya Enguli, yaani hiyo waragi ya kienyeji, ukipika bila leseni wewe mhalifu, kina shangazi wakaenda kupikia kichakani, na huko kichakani ndo mtu anaweza kuchanganya chochote, watu wa Kabale 2010 walikufa kwa methanoli, spiriti ya sumu. Shangazi yangu hakuwahi kuua mtu, lakini chupa yake haikuwahi kuwa na jina.

Nilimpelekea ile ya miaka 12. Haoni vizuri siku hizi. Nikamtilia kiganjani, akasugua, akanusa kwa muda mrefu, akanywa kidogo, akanyamaza. Alafu akaniuliza, "Mwanangu, hawa nani alikuwa anawachotea maji?"

Nikachukua kijiti, nikamshika mkono, tukachora wote kwenye vumbi.