Fremu za alumini: mchoro mmoja wa jumla au hesabu kwa kila kazi?

Kwa mkandarasi mdogo wa Dar, mchoro wa jumla unavutia: mhandisi anaupiga muhuri mara moja, wewe unajenga vibaraza na paa za maegesho mtaa mzima bila kumlipa tena. Bei inashuka, kazi inaanza kesho.

Shida ni kwamba alumini haina tabia za chuma. Uzito wake ni karibu theluthi ya chuma, na ukakamavu wake nao ni karibu theluthi. Boriti ya vipimo vilevile hupinda karibu mara tatu zaidi chini ya mzigo uleule. Ukiichomelea, aloi (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) kama 6061-T6 hupoteza nguvu nyingi kando ya mshono. Tena Masaki au Kigamboni, penye hewa ya chumvi, boliti ya chuma cha kawaida ikigusana na alumini huharakisha alumini kuliwa. Mchoro wa jumla hauoni hayo, wala upepo wa ufukweni.

Hesabu ya mhandisi kwa kila kazi ni ghali na inachelewesha. Kwa kibaraza cha Sinza, mbali na ufukwe, naona ni kupoteza hela. Kwa paa refu linalotazama bahari ningelipa bila kunung'unika, na ningedai boliti za chuma cha pua na washa (pete za boliti) za plastiki za kuzitenganisha na alumini.