Dirisha la kanisa: kioo cha risasi au plastiki ya kubandika?

Kwa kanisa linalojengwa Moshi, plastiki ya rangi ni nafuu na humalizika kwa siku moja: osha kioo, nyunyiza maji yenye matone machache ya sabuni, bandika, sukuma maji kwa mpira kutoka katikati. Vumbi likibaki, malengelenge hutokea. Jua nalo huipausha.

Kioo cha risasi, yaani vipande vya kioo cha rangi vilivyounganishwa kwa metali ya risasi, ni jambo jingine kabisa. Rangi imo ndani ya kioo chenyewe: kobalti hutoa buluu, dhahabu hutoa nyekundu. Ndiyo maana buluu ya madirisha ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, ya karne ya 12, ingali inawaka. Vipande huingizwa kwenye mifereji ya risasi, viungo vikalehemiwa kwa bati na risasi, 60 kwa 40, kisha nafasi hujazwa mafuta ya kitani yaliyokandwa na unga wa chaki. Kosa kubwa ni kusahau nondo za kuegemeza paneli. Risasi hutanuka kwa joto kuliko kioo, na paneli hutoa tumbo.

Fedha zikitosha dirisha moja tu, liwe la mashariki. Jua la ibada ya kwanza hupita humo, wekundu ukatandaa sakafuni, na watu hunyamaza bila kuambiwa.