MPI_Win_get_attr: niliuliza ukubwa, nikapewa anwani

Nina programu ya kukokotoa jinsi joto linavyosambaa kwenye bamba la chuma. Gridi yake ni nukta 4000 kwa 4000, kila nukta baiti 8, jumla baiti milioni 128. Kompyuta ninayotumia ni moja tu, ina viini 8, na nilichoka kuona michakato minane ikitumiana kingo za gridi kwa MPI_Send na MPI_Recv (kutuma na kupokea katika MPI, kiwango cha programu kutumiana ujumbe kati ya michakato) ilhali yote imo ndani ya mashine ileile. Ni kama kumwandikia barua mtu mnayelala naye chumba kimoja.

Nikahamia memori ya pamoja, iliyoingia kwenye MPI 3.0 mwaka 2012. Unakusanya michakato ya mashine moja kwa MPI_Comm_split_type, halafu unafungua dirisha, yaani eneo la memori ambalo wenzako wanaruhusiwa kulifikia, kwa MPI_Win_allocate_shared. Hapo sikupata tabu. Niliamua mchakato namba 0 ubebe gridi yote, mingine iombe baiti 0. Kabla ya kuanza hesabu nikataka kuhakikisha dirisha lina ukubwa gani, ndipo nikakutana na MPI_Win_get_attr, funksheni ya kuuliza sifa za dirisha.

Jibu la kwanza lilikuwa namba ya tarakimu 15. Baiti zaidi ya trilioni 100, kwenye mashine yenye memori ya gigabaiti 16! Kompaila haikuguna, maana kile kigezo kinachopokea jibu ni void * (pointa, yaani anwani, ya kitu cha aina yoyote), kinameza chochote unachokipa. Nilipoteza jioni nzima nikidhani nimeharibu memori mahali fulani. Kumbe ukiuliza MPI_WIN_SIZE kwa C hupewi ukubwa, unapewa pointa ya mahali ukubwa ulipohifadhiwa, nao ni wa aina ya MPI_Aint, namba kamili ya MPI inayotosha kubeba anwani. Mimi nilikuwa nachapisha anwani. MPI_WIN_DISP_UNIT (kipimo cha kusogea, yaani baiti ngapi kwa kila hatua ndani ya dirisha) nayo hivyohivyo, ila pointa yake ni ya int. Halafu MPI_WIN_BASE inajitenga na wenzake: yenyewe inakupa anwani ya mwanzo wa dirisha moja kwa moja. Funksheni moja, desturi mbili. Wanaoandika kwa Fortran wanapewa namba kamili kwa zote, wala hawajui tunayopitia.

Nikarekebisha. Mchakato namba 0 ukasema 128000000, safi kabisa. Ile mingine saba ikasema 0.

Hili si kosa la funksheni, ni kosa langu la kutoelewa ninachouliza. Sifa za dirisha ni za kila mchakato peke yake: unaelezwa kipande ulichokitoa wewe, si cha jirani. Lakini sikukata tamaa, nikafanya ujanja: namba 0 ichukue MPI_WIN_BASE yake na kuitangazia mingine kwa MPI_Bcast. Programu ikaanguka papo hapo. Memori ni moja kweli, ila kila mchakato unaiona kwa anwani zake. Pointa ya mwenzako kwako ni namba tu.

Dawa ni MPI_Win_shared_query. Unaitajia namba ya mchakato unaoutaka, inakurudishia ukubwa, kipimo cha kusogea, na pointa inayofanya kazi upande wako wewe uliyeuliza. Ukitaja MPI_PROC_NULL inakupa kipande cha mchakato wa namba ya chini kabisa ulioomba zaidi ya baiti 0, yaani hata huhitaji kukumbuka nani amebeba gridi. Tena usijaribu kukisia anwani ya jirani kwa kujumlisha ukubwa kwenye mwanzo wako. Kwa kawaida vipande hufuatana, lakini mtu akiweka chaguo la alloc_shared_noncontig kuwa kweli wakati wa kufungua dirisha, maktaba inaruhusiwa kuacha mapengo katikati.

MPI_Win_get_attr naipa nyota 3 kati ya 5. Sijaitupa. Naitumia kwenye funksheni zangu zinazopokea dirisha lililofunguliwa kwingine: nasoma MPI_WIN_CREATE_FLAVOR kwanza, inayosema dirisha lilifunguliwa kwa njia gani (kwa pointa ya int, sisahau tena), na kama si MPI_WIN_FLAVOR_SHARED, yaani la memori ya pamoja, narudi kwenye MPI_Get, inayonakili data kutoka dirisha la mwenzangu, badala ya kugusa memori ya mwenzangu moja kwa moja. Mistari minne tu, nimeiweka juu kabisa ya kila funksheni ya namna hiyo.