Allegiant: sina ugomvi na kifo cha Tris

Humu nataja mwisho wote wa riwaya za Divergent: kifo cha Tris, mhusika mkuu, ambacho wasomaji wengi hukilaumu, na yaliyofuata. Kama uko kitabu cha kwanza na hutaki kuharibiwa uhondo, ishia hapa, ukimaliza urudi.

Vitabu ni vitatu, vyote vya Veronica Roth: Divergent (2011), Insurgent (2012) na Allegiant (2013). Nakala zangu ni za mitumba, kimoja kimoja, maana ndivyo wengi wetu hapa Tanga tunavyopata riwaya za Kiingereza za vijana. Kwenye rundo utavitambua kwa jalada: cha kwanza kina duara la moto, cha pili mti, cha tatu maji. Ukiona sura za waigizaji, hilo ni toleo la filamu, maneno ya ndani ni yale yale. Ila kabla hujatoa hela, kifungue nyuma kabisa. Cha tatu kina hitimisho baada ya sura ya mwisho, na kitabu cha mtumba gundi ikishalegea, kurasa za nyuma ndizo huanza kuchomoka. Ukilikosa hilo hitimisho utabaki na mwisho mbaya kuliko huu ninaoulalamikia.

Alama zangu: cha kwanza 4 kati ya 5, cha pili 3, cha tatu 2. Hizo mbili zenyewe nimetoa kwa ajili ya sura chache za mwisho, zile zile ambazo wasomaji wengi huzichukia.

Nianze na ahadi ya kitabu cha kwanza, kwa sababu deni lote la mwisho linatoka pale. Mji ni Chicago, umezungushiwa uzio, na watu wamegawanywa makundi matano: Abnegation wa kujinyima, Amity wa amani, Candor wa kusema kweli, Dauntless wa ujasiri, Erudite wa elimu. Kijana akifika miaka 16 anapimwa, kisha anachagua kundi mbele ya watu. Beatrice Prior kipimo kinamkataa, hakai kundi moja. Anaacha kwao Abnegation, anaingia Dauntless, anajiita Tris. Swali la kitabu liko wazi na kijana yeyote analijua: je, mtu anaweza kuwa kitu kimoja tu, na nani ana haki ya kumwambia ni kipi? Kila tukio la maana, kuanzia kisu na damu kwenye sherehe ya kuchagua mpaka kuruka kwenye treni inayotembea, linagusa swali hilo. Ndiyo maana kinasomeka haraka hivyo.

Kitabu cha pili kinafunga kwa video: mwanamke anayejiita Edith Prior anatangaza kwamba nje ya uzio kuna dunia, na kwamba watu wasioingia kundi moja wakishakuwa wengi, wanatakiwa watoke kwenda kusaidia. Hapo mwandishi amejifunga mwenyewe. Sasa lazima atuonyeshe hiyo nje.

Na nje kuna nini? Kuna Bureau, ofisi ya serikali inayoshughulikia vinasaba, imekaa kwenye majengo ya uwanja wa ndege wa O'Hare, inaitazama Chicago kwenye skrini. Tunaambiwa kwamba zamani serikali ilijaribu kuwaondolea watu woga, uongo, ujinga na mengine ya namna hiyo kwa kuchezea vinasaba. Kukatoka watu wenye kasoro, kukazuka vita, na miji kama Chicago ikafungwa ili vizazi vijirekebishe taratibu. Tris na wenzake wa aina yake ni watu ambao vinasaba vyao vimepona. Basi.

Hapa ndipo kitabu kilipoharibika, karibu na mwanzo, mamia ya kurasa kabla ya risasi inayomuua Tris. Swali la uchaguzi limegeuzwa kuwa swali la damu. Vitabu viwili vizima Tris alikuwa anapigania haki ya kutowekwa kwenye boksi, halafu cha tatu kinamwambia kwamba hakuwekeka kwa sababu alizaliwa mzima na wenzake walizaliwa na hitilafu. Mwandishi analiona tatizo, na wahusika wanakataa kwa sauti kwamba vinasaba vinapima thamani ya mtu. Lakini wanakataa kitu kilicholetwa juzi. Hatukuwa tumeishi nacho.

Tena kiraka kinaonekana kwa macho. Kipimo cha kwanza cha mtu wa aina ya Tris kilikuwa kwamba akidungwa dawa ya njozi anajua kuwa yuko kwenye njozi. Tobias, mkufunzi wa Dauntless anayekuwa mpenzi wa Tris, naye alikuwa anajua, na kitabu cha kwanza kilijengwa juu ya hilo. Sasa kitabu cha tatu kinahitaji Tobias awe mwenye kasoro, ili apate kinyongo na aingie kwenye njama za Nita, mtumishi wa Bureau anayeiasi. Kwa hiyo tunapewa maelezo kwamba vinasaba vyake vina hitilafu, isipokuwa ana upekee fulani unaomwezesha kuitambua njozi. Msomaji makini akifika hapo anafunga kitabu kidogo, anatazama dirishani. Kanuni ikishaanza kutolewa msamaha kwa mtu mmoja mmoja, haiogopeshi tena.

Jambo la pili ni sauti. Vitabu viwili vya mwanzo msimulizi ni Tris peke yake. Cha tatu kinapokezana, na juu ya kila sura limeandikwa jina, Tris au Tobias. Bila jina lile huwezi kujua nani anasema. Jaribu hivi: fungua katikati, funika kichwa cha sura kwa kidole, soma aya mbili. Sentensi fupi fupi za wakati uliopo, mawazo yale yale ya kujikagua, mpaka pumzi ni moja. Tobias wa mwanzo alikuwa mtu wa maneno machache, jeuri kidogo, na ukimya wake ndio uliompa uzito. Akipewa sura zake anaongea kama mpenzi wake. Ubaya mwingine ni kwamba upokezanaji wenyewe unatoboa siri. Msimulizi wa pili akiletwa kitabu cha mwisho, msomaji aliyezoea riwaya anajiuliza mara moja kwa nini kahitajika, na jibu ni moja tu.

Wahusika wapya wa Bureau sina mengi ya kusema juu yao. Ni waja leo, waondoka leo. David peke yake ndiye mwenye mwili, kwa sababu alimpenda Natalie, mama yake Tris, na ndiye aliyemtuma ndani ya mji.

Sasa vita vya mjini. Insurgent inaishia Evelyn, mama wa Tobias anayewaongoza wasio na kundi, akishika madaraka, na mwanzo wa Allegiant unaandaa pambano kati yake na wanaotaka makundi yarudi. Tulitegemea moto. Tobias anaingia kwa mama yake na kichupa cha dawa ya kufuta kumbukumbu mfukoni, anamwambia achague, madaraka au mtoto. Mama anachagua mtoto, anakubali kuondoka mjini, yamekwisha. Wazo ni zuri, na mazungumzo yenyewe yana ukweli wake. Mama aliyemwacha mtoto mikononi mwa baba mpigaji ana deni la kulipa. Lakini vita ya watu maelfu haiwezi kuzimwa sebuleni kwa dakika kumi wakati wenye bunduki wako nje na hatuwasikii wakisema lolote.

Halafu hiyo dawa. Bureau inapanga kufuta kumbukumbu za mji mzima ili jaribio lao lisife. Tris na wenzake wanaona ni unyama, na kweli ni unyama. Suluhisho lao ni kuwawahi Bureau na kuwafutia wao. Yaani kile kile. Wapo wanaouliza kama ni haki, lakini swali linapita mbio kwa kuwa saa inakwenda. Kwenye hitimisho watumishi wale wamefundishwa upya mambo ya vinasaba, na mji umetulia. Kwangu hili ni kosa kubwa kuliko kifo chochote: dhuluma haikushindwa, imesahaulishwa kwa dawa.

Tuje kwenye kifo, maana nacho nitakitetea. Caleb, kaka yake Tris, alimsaliti kwa Erudite katika kitabu cha pili, na ndiye aliyejitolea kuingia kwenye chumba chenye dawa ya kumbukumbu, kinacholindwa kwa dawa ya kuua. Tris anamzuia mlangoni na kuingia yeye. Anaishinda ile dawa kwa nguvu ya kutaka kuishi. Ndani anamkuta David kwenye kiti cha magurudumu, ana bastola. Anapigwa risasi, anakibonyeza kitufe cha kijani, dawa ya kumbukumbu inasambaa, na anapokata roho anamwona mama yake. Rudi nyuma uone kazi ilivyofanywa: katika Insurgent alijipeleka kwa maadui kwa hatia na uchungu, akagundua akiwa mlangoni pa kifo kwamba anataka kuishi. Safari hii anataka kuishi na bado anaingia. Hicho ndicho alichofundishwa Abnegation akakikimbia akiwa na miaka 16. Hapo Roth hakukosea. Kosa lake ni kwamba mtu wa kufa tumeandaliwa vizuri, na kitu anachokifia tumekifahamu nusu ya kitabu.

Kifo cha Uriah, rafiki yao wa Dauntless, ndicho mfano wa jambo lililolipiwa. Mlipuko wa njama ambazo Tobias mwenyewe alizisaidia ndio unaomwacha kwenye mashine, na Tobias analazimika kumweleza Zeke, kaka yake Uriah. Hakuna nadharia ya vinasaba pale. Kuna mtu aliyefanya jambo na mwingine aliyefiwa.

Sisi wa Tanga kipimo cha nchi za kubuni tunacho. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alitoa Kusadikika mwaka 1951, nchi nzima inaelea angani. Karama anashtakiwa, anajitetea kwa kusimulia wajumbe waliotumwa pande sita na kufungwa waliporudi na mawazo mapya. Nchi ile haina hata ardhi chini yake, lakini hukumu inayotolewa mwishoni ni ya shauri lile lile lililofunguliwa mwanzoni. Kwa upande wa hatua na msisimko Roth anamwacha mbali. Kwenye kufunga shauri, hamfikii.

Kwa anayetaka kuanza: Kiingereza chake ni chepesi, mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye kamusi anakimudu, na sura ni fupi. Nunua cha kwanza bila wasiwasi. Cha pili kina sehemu ya katikati inayojirudia, watu wanahama kundi hadi kundi, lakini usikiruke, maana usaliti wa Caleb umo humo. Cha tatu azima. Maelezo ya Bureau yapitie kwa macho, ukaze kwenye shajara ya mama yake Tris, Uriah, Evelyn, kisha sura zote kuanzia Tris anapomzuia Caleb. Katika hitimisho Tobias, mtu anayeogopa urefu kuliko karibu kila kitu, anateremka kwa kamba kutoka jengo la Hancock kumwaga majivu ya Tris, pale pale aliposhukia Tris akicheka katika kitabu cha kwanza. Kurasa hizo ni nzuri.

Wanaotaka njia ya mkato ya filamu wasijisumbue. Zilitoka 2014, 2015 na 2016, kitabu cha tatu kikagawanywa vipande viwili, na kipande cha pili hakikutengenezwa. Ukiingiziwa kwenye flashi utapata tatu, na katika ya tatu Tris yu hai.