E85 imeniaibisha mbele za watu, uzoefu wangu

Naanza na hukumu kabisa: sinunui tena hii E85, mafuta ya gari ya ethanoli (pombe ya mahindi) iliyochanganywa na petroli. Msinishauri.

Naishi Minnesota, Marekani, huku E85 sio kitu cha kutafuta kwa tochi. Wanalima mahindi mpaka unachoka kuyaona, ethanoli wanatengeneza humo humo, vituo kibao vina pampu yake na bei iko chini ya petroli. Wikiendi nacheza autokrosi na Subaru yangu ya turbo, kuukuu. Sio mbio za matajiri, ni ile mnakodishiwa uwanja wa kupaki magari, zinapangwa koni, mnakimbia mmoja mmoja kushindana na saa, ukigusa koni unapigwa sekunde 2.

Fundi wangu ni Mkenya, kazi anaijua ila ule mdomo Mungu amsamehe. Ndiye aliyenitia kwenye huu ulevi. Akafunga pampu kubwa ya mafuta na nozeli kubwa za kunyunyizia mafuta maana ethanoli inanyweka kwelikweli, akatyuni upya kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Akasema kuna sensa inasoma kiasi cha ethanoli kwenye tanki, ukifunga hiyo gari linajirekebisha lenyewe. Nikauliza bei. Nikasema hiyo tutafunga baadaye kaka.

Samma yote, yaani kiangazi, raha tupu, siwezi kudanganya. Injini haipati joto hovyo, taiming (muda wa plagi kurusha cheche) imesogezwa mbele na haigongi, yaani mafuta hayajilipukii ovyo ndani, ukikanyaga unasikia mgongo umebandikwa kwenye kiti. Na ule moshi wake una harufu tamutamu, nilivyousikia mara ya kwanza nikakumbuka jirani yetu mmoja kule nyumbani aliyekuwa anapika gongo nyuma ya banda la kuku. Asubuhi za baridi linasumbua kuwaka, sawa, nikavumilia.

Sasa winta ikaisha, theluji imeyeyuka, mbio za kwanza za msimu hizo. Nikajaza tanki kituo kile kile, pampu ile ile, kibandiko kile kile. Raundi ya kwanza nikatoka mstarini vizuri, nikafika kona ya pili, nakanyaga, gari likakohoa. Kuh kuh kuh kama mzee wa sigara. Nikaachia, likatulia. Nikakanyaga tena, moshi mweusi nyuma na ndani nasikia injini inagonga, ule mlio wa kokoto kwenye kopo, kila mwenye turbo anaujua na anauogopa kuliko bili ya hospitali. Nikazima hapo hapo katikati ya koni. Likasukumwa na watu wanne mmoja wao mtoto wa sekondari.

Na kibaya zaidi, kwenye autokrosi ukimaliza zamu yako unaenda kuokota koni za wenzako. Gari limekufa lakini zamu ya kuokota koni iko pale pale! Nimesimama juani na kikoti cha njano nainua koni zilizogongwa na vigari vya petroli ya kawaida vinavyopita mbele yangu vizima kabisa, yaani acha tu.

Nikarudi kituoni nimefura. Namuuliza kijana wa kaunta, hii ina asilimia ngapi? Hajainua hata macho kwenye simu, ananijibu si imeandikwa E85. Nikamwambia najua kusoma, nauliza iliyomo ndani. Akasema kama gari lako halitaki usiliwekee. Hapo nikaondoka, ningekaa ningeongea mambo mengine.

Nikampigia fundi nikitegemea pole. Akacheka kwanza, akacheka tena, ndio akasema boss umejaza ya winta. Kumbe hiyo "85" ni jina tu, ethanoli iliyomo inaruhusiwa kuwa kuanzia asilimia 51 mpaka 83, na majira ya baridi wanazidisha petroli kwa sababu ethanoli kwenye baridi haigeuki mvuke kirahisi, magari ya watu yasingewaka. Gari langu limetyuniwa kwa mchanganyiko wa samma, linamwaga mafuta kwa hesabu za ethanoli nyingi, sasa petroli ikizidi yanakuwa mengi kupita kiasi, ndio ule moshi, halafu taiming imesogezwa mbele na kinga ya kugonga imepungua. "Na ndio kazi ya ile sensa uliyoiona ghali," akamalizia. Nikakata simu.

Kwa hiyo ni kosa langu? Labda nusu. Nusu nyingine ni ya anayebandika 85 kwenye kitu kisicho 85, na hapo simsamehei mtu.

Injini ilipona, plagi tu zilikuwa nyeusi tii kama masizi ya sufuria. Nikanunua ile chupa nyembamba ya kupimia, unaweka maji mpaka alama, unaongeza mafuta, unatikisa, ethanoli inaungana na maji na petroli inaelea juu, unasoma mstari.

Juzi nilikuwa kituoni tena. Ndio, nilisema sinunui. Nimechuchumaa pembeni ya pampu natikisa kichupa kama mganga, yule kijana wa kaunta ametoka mpaka mlangoni ananikodolea. Ikasoma 79. Nikajaza mpaka pomoni, sikumsalimia.